Breki za seramiki kwenye gari la spoti lililotumika: beba mizani kabla ya kubeba pesa

Diski ya breki ya chuma huisha kwa kupungua unene. Fundi anapitisha kidole ukingoni, anasikia mdomo uliobaki, na hata kabla ya kutoa kifaa cha kupimia ameshajua hali yake. Diski ya kaboni-seramiki haisomeki hivyo. Joto la breki likizidi, nyuzi za kaboni zilizo ndani yake huungua kidogo kidogo. Unene unabaki karibu ule ule, lakini diski inakuwa nyepesi na inapoteza nguvu. Ndiyo sababu watengenezaji huandika juu ya diski yenyewe uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, kwa gramu. Ikishuka chini ya hapo imekufa, hata kama inang'aa.

Mnunuzi wa Kigoma au Tabora ana sababu ya ziada ya kulijua hili. Diski moja mpya ya Porsche ya aina hii huuzwa kwa maelfu ya dola, na seti ya nne pamoja na pedi zake inaweza kupita dola 15,000 kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa pesa hiyo unanunua gari jingine zima. Kwa hiyo breki hizi zikaguliwe kabla hujasikiliza hata mlio wa injini.

Kwanza, je, ni seramiki kweli?

Neno hili linachanganya watu. Ukiingia duka la spea ukaulizia breki za seramiki, utapewa pedi za seramiki, yaani pedi za kawaida zenye mchanganyiko wa aina hiyo, zinazofungwa kwenye diski za chuma. Ni pedi nzuri, hazitoi vumbi jingi, lakini hazihusiani na tunachozungumzia hapa. Muuzaji anaweza kuandika "breki za seramiki" kwenye tangazo bila nia mbaya, kumbe anamaanisha pedi alizobadilisha mwezi uliopita. Sisi tunazungumzia diski yenyewe, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni na silikoni kabidi.

Toyota Supra mpya, Subaru WRX STI, Mark X na Altezza zilitoka kiwandani na diski za chuma. Seramiki utaikuta kwenye Porsche (tangu 911 GT2 ya mwaka 2001, na baadaye kama nyongeza ya kulipia kwenye Cayman, Panamera na hata Cayenne), kwenye baadhi ya Mercedes-AMG, BMW M, Audi RS na R8, Nissan GT-R SpecV ya 2009, na Lexus RC F Track Edition. GT-R ya kawaida ina diski kubwa za chuma zenye matundu. Matundu hayathibitishi chochote.

Rangi ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ni dokezo tu. Porsche ya seramiki kwa kawaida ina kalipa za njano, na BMW M na AMG huwa na za rangi ya dhahabu. Lakini kopo la rangi linauzwa popote, na Porsche za karibuni zinaweza kuwa na seramiki huku kalipa ni nyeusi. Kuna na mtego mwingine: Porsche ilianza mwaka 2017, kwenye Cayenne, kutoa diski za chuma zilizopakwa tabaka gumu la tangsteni kabidi, zenye kalipa nyeupe na uso unaong'aa kama kioo. Hizo nazo si seramiki.

Kipimo cha uhakika ni sumaku. Chukua ndogo, hata ile ya spika ya redio mbovu, ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, uipitishe kati ya mikono ya rimu hadi iguse uso wa diski pale pedi zinapobana. Chuma kitaivuta. Kaboni-seramiki haiivuti hata kidogo. Gusa uso wa diski, usiguse sehemu ya katikati tunayoiita kofia, maana hiyo ni chuma au alumini na itakudanganya. Fanya hivyo magurudumu yote manne, kwa kuwa magari yaliyofungwa seramiki mbele na chuma nyuma yapo.

Halafu tafuta namba ya nyongeza za kiwandani. Kwenye Porsche nyingi kuna stika chini ya boneti ya mbele na nyingine kwenye kitabu cha huduma, na seramiki ni 450. Kwa AMG tafuta B07, kwa BMW 2NK. Namba ikiwepo huku sumaku inashika, maana yake mwenye gari wa awali alizivua seramiki akafunga chuma. Hilo si kosa, wengi wanaopeleka magari uwanja wa mbio hufanya hivyo. Uliza tu diski za asili ziko wapi. Kama zipo, ziingizwe kwenye bei na zipimwe kama hizi tutakazozipima.

Kufungua tairi bila kuvunja diski

Hapa ndipo diski nyingi nzima huharibikia, tena mikononi mwa fundi mwenye nia njema. Gurudumu la gari la spoti ni zito, na nyuma ya rimu hakuna nafasi. Bolti ya mwisho ikitoka, rimu inashuka sentimeta moja na kugonga ukingo wa diski. Chuma kingeacha mkwaruzo. Seramiki inamegeka kama ukingo wa sahani.

Dawa yake ni pini mbili za kuongozea. Kama hazimo kwenye mfuko wa vifaa vya gari, mpelekee fundi wa lethi bolti moja ya gurudumu kama sampuli. Porsche na Audi nyingi zina uzi wa M14 x 1.5, BMW za karibuni M14 x 1.25, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Mwambie atengeneze pini mbili za uzi huo huo, zisizo na kichwa, mwili laini, zitokeze nje kama sentimeta 10 hadi 12, na mwishoni azikate mfereji wa kuingiza bisibisi. Ni kazi fupi.

Gari likiwa juu ya jeki na stendi, fungua bolti ya juu kabisa, ingiza pini ya kwanza kwa mkono. Fungua bolti nyingine iliyo mbali nayo, ingiza ya pili. Ndipo utoe bolti zilizobaki. Rimu sasa inaning'inia kwenye pini. Watu wawili, mmoja kila upande, wanaivuta moja kwa moja hadi imalize pini bila kuinamisha. Kurudisha ni njia hiyo hiyo kinyumenyume, na bolti zinakazwa kwa spana ya kipimo (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza): 130 Nm kwa 911 ya kizazi cha 997, 160 Nm kwa 991.

Ukikuta gurudumu limefungwa kwa nati moja kubwa katikati, kama kwenye 911 GT3 za karibuni, usiruhusu lifunguliwe mahali pasipo na soketi yake na spana inayofika mamia ya Nm. Kagua kupitia kwenye rimu, na kazi ya mizani ifanyike palipo na vifaa.

Muuzaji ajulishwe mapema, kwa heshima. "Kaka, kabla hatujazungumza bei naomba tufungue magurudumu yote manne na tutoe diski tuzipime. Gharama ya fundi ni yangu." Muuzaji anayekataa hata baada ya wewe kujitolea kulipa, mpe bei ya gari lenye diski zilizokufa.

Kusoma uso na kingo

Tumia tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavu. Uso wa diski nzima una rangi ya kijivu iliyofifia, na ukitazama kwa karibu utaona mistari myembamba iliyotapakaa kama udongo wa mfinyanzi uliokauka kwenye bwawa. Mistari hiyo ni ya kawaida: nyuzi na seramiki inayozizunguka hazisinyai sawa zinapopoa baada ya kuokwa kwa joto kali kiwandani. Usimtishe muuzaji kwa hiyo.

Kinachotakiwa kukutisha ni ufa unaotoka kwenye tundu moja kwenda jingine, au kutoka tundu hadi ukingoni, au unaoonekana kwenye unene wa diski ukiitazama ubavuni. Tabaka la juu likiwa limebanduka kama ganda, hata kama ni eneo la ukubwa wa sarafu, diski hiyo haifai. Ukingo uliomegeka una vikomo vyake kwenye kitabu cha kila mtengenezaji. Kwa mnunuzi aliye mbali na karakana ya kampuni tunashauri kanuni kali zaidi: mmeguko wowote unaofika pale pedi inapopita ni sababu ya kuhesabu diski hiyo kama haipo.

Kisha tazama kuungua. Diski iliyopikwa sana ina mabaka meusi yenye vishimo, na nyuzi zinaonekana wazi kama nyuzi za gunia lililochakaa. Pitisha ukucha: uso mzima unateleza, ulioungua unakwaruza. Baadhi ya diski zina alama tatu ndogo za ukaguzi usoni, zilizotengenezwa ziharibike kabla ya sehemu nyingine. Zilinganishe alama hizo kati ya diski ya kushoto na ya kulia. Diski za Porsche za miaka ya kwanza, kabla ya kizazi cha 997, zilijulikana kwa kuchoka upesi kwenye uwanja wa mbio, kwa hiyo kwa gari la 2001 hadi 2004 ongeza umakini mara mbili.

Diski ya seramiki haipelekwi kwenye lethi kukerezwa. Ukiona alama za duara za chombo cha kukereza, au muuzaji akikuambia zimesawazishwa hapa mjini, usiendelee na diski hizo.

Mizani

Hapa Kigoma na Tabora tuna bahati, maana mizani nzuri iko sokoni. Wauza dagaa wa Kibirizi na wauza asali wa Tabora wanazo za digitali. Unatafuta inayobeba angalau kilo 15 na kusoma kwa hatua ya gramu 5 au chini ya hapo. Mizani ya saa, ile ya mshale, haifai: nafasi kati ya mstari na mstari wake ni kubwa kuliko kile unachokitafuta. Azima pia jiwe la kilo 5 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kabla ya kupima diski, weka jiwe; lisome 5,000 kamili. Baada ya kumaliza diski zote, weka tena. Likisoma tofauti, vipimo vyote virudiwe.

Diski inatolewa hivi. Achia breki ya mkono na zuia magurudumu ya upande mwingine. Fungua kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Bolti za kalipa kwenye magari mengi ya aina hii ni za kutumika mara moja, hivyo uwe na mpya mkononi. Diski yenyewe mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili ndogo zilizozama kwenye kofia, na vichwa vyake huharibika haraka zikiwa na kutu: tumia bisibisi inayokaa sawasawa, gonga kichwa taratibu kwanza, kisha zungusha. Kamwe usipige diski kwa nyundo ili itoke. Ikigoma, penyeza mafuta ya kulegeza kutu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwa kiasi kidogo, mbali na uso wa diski, na usubiri.

Sasa kusafisha, na hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Diski ina njia za hewa ndani yake, na kwa barabara zetu njia hizo hujaa udongo mwekundu unaoganda kama tofali. Udongo huo una uzito. Diski iliyokwisha kufa inaweza kufaulu mtihani kwa sababu ya matope ya Uvinza. Puliza kwa kompresa ya fundi wa pancha, huku mmevaa barakoa kwa sababu ya vumbi la pedi. Zibua kila tundu kwa kijiti cha mti, si msumari. Osha kwa maji na brashi laini, puliza tena, acha juani hadi ikauke kabisa.

Diski ya milimita 380 au 410 ni pana kuliko sahani ya mizani, itagusa pembeni na kudanganya. Geuza bakuli dogo la plastiki, liweke juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha laza diski juu yake bila kugusa kitu kingine. Mizani ikae juu ya sakafu ya saruji, ndani ya chumba, maana upepo wa ziwa unatikisa namba.

Linganisha namba hiyo na iliyochorwa kwenye kofia ya diski, ikiandikwa MIN na kufuatiwa na gramu. Soma kila diski namba yake, usichukue ya kushoto ukaihamishia kulia, maana zinaweza kutofautiana. Tuseme kofia inasema 5,640 na mizani inasema 5,725: zimebaki gramu 85. Ikisema 5,635, imekwisha. Pengo lote la maisha ya diski hizi ni la gramu, si la kilo, na ndiyo sababu ya jiwe la muhuri na ya kusafisha kwa bidii. Kama kofia ina pia unene wa chini, pima kwa maikromita sehemu nne tofauti za duara. Diski ikifeli kimoja tu kati ya hivi viwili, imefeli.

Diski za mbele ndizo hutangulia kuisha. Mbele kushoto na kulia zikipishana sana katika gramu zilizobaki, uliza historia: moja ilibadilishwa, au kalipa moja inakwama na kuipika diski yake.

Pedi, mafuta na mwendo

Pedi ziwe zile zilizotengenezwa kwa diski za kaboni-seramiki za gari hilo. Za diski ya chuma huharibu uso. Sehemu ya pedi inayosugua diski ikiwa imebaki chini ya milimita 3, hesabu pedi mpya, maana bamba la chuma la nyuma likigusa seramiki huilima mara moja. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka 2. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yabadilishwe kabla ya safari yoyote.

Kwenye majaribio, breki za baridi zikilia kidogo, au kanyagio la kwanza asubuhi au baada ya mvua likishika kwa kuchelewa, hiyo ndiyo tabia yake. Usukani kutikisika ukikanyaga, au mkwaruzo unaofuata mzunguko wa gurudumu, si tabia yake. Mkwaruzo wa ghafla baada ya changarawe mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la nyuma: simama, rudi nyuma polepole mita chache, itadondoka. Isichokolewe kwa bisibisi.

Bei

Ulaya na Japani seramiki huongeza bei ya gari. Kwa mtu wa Tabora au Kigoma ushauri wetu ni huu: usilipe ziada kwa ajili yake. Sifa yake kubwa ni kutochoka kwa joto kwenye mwendo wa uwanjani na kupunguza uzito wa magurudumu, kwani diski hizi zina karibu nusu ya uzito wa chuma. Kushuka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli ya Kigoma hakuzipi hata joto la kutosha kuamka. Hazishiki kutu, na rimu hubaki safi, hilo ni kweli. Lakini utakapouza, mnunuzi wa hapa hatakurudishia chochote kwa ajili yake.

Diski zote nne zikifaulu kwa nafasi nzuri, lipa bei ya gari kama hilo lenye chuma. Zikiwa zimebakiza gramu chache au zimefeli, usikate bei ya seramiki mpya, muuzaji hatakubali na wewe huhitaji. Kata bei ya kuhamia chuma: diski nne za chuma za kipenyo na unene unaoingia kwenye kalipa hizo hizo, pedi za diski za chuma, bolti mpya za kalipa, usafiri, ushuru na fundi. Kabla ya kukubaliana, hakikisha diski hizo zinatengenezwa kwa modeli hiyo hasa, maana si kila kalipa ya seramiki ina diski ya chuma inayolingana nayo.

Ukinunua kutoka mbali, karatasi ya mnada wa Japani haitakuambia uzito wa diski. Omba picha za namba ya MIN, za kingo zote, na za stika ya nyongeza, na uweke kando pesa ya kuhamia chuma hadi gari lifike na lipimwe.

Baada ya gari kuwa lako

Pini mbili zikae ndani ya gari, na fundi wa pancha asiguse gurudumu bila wewe kuwepo. Wanaoosha magari wasitumie asidi ya rimu. Maji na sabuni vinatosha. Baada ya kuosha, au mvua za Oktoba na Novemba zikianza, kanyaga breki taratibu mara chache mwanzoni mwa safari zikauke. Ukivua seramiki ukafunga chuma, usizitupe: zisafishe, andika gramu zake kwa kalamu ya rangi ndani ya kofia, uzihifadhi. Na zikisafirishwa kwa basi au treni, kila moja ilazwe peke yake kwenye sanduku la mbao lenye sponji juu na chini. Isisimamishwe kwa ukingo, na isiwekwe moja juu ya nyingine.